Serikali inapozungumza wakati wa maafa, mtenda huenda wapi?

MJUKUU wangu ana miaka sita. Juzi nikiwa sebuleni nilisikia mlio jikoni, kisha kimya. Nilipouliza kulikoni, akanijibu kwa sauti ya upole: "Babu, kikombe kimevunjika." Hakusema amekivunja. Hakusema kimevunjwa. Kimevunjika. Yaani kikombe kilikuwa kimekaa zake kwenye rafu, kikaamua siku zake zimetimia.

Sikumkaripia. Nilicheka, kisha nikastaajabu. Mtoto wa Gredi ya Kwanza, ambaye hajasikia neno 'mnyambuliko' maishani mwake, tayari anajua kazi ya kiambishi -ik-: kukitoa kitendo mikononi mwa mtu na kukiacha kielee hewani. Kila mzazi anayelea watoto kwa Kiswahili anaijua hila hiyo, na kila mzazi ana jibu lake: "Kimevunjika chenyewe?"

Swali hilo la wazazi ndilo ningependa tuliulize leo tunaposoma taarifa ambazo serikali hutoa wakati wa mikasa. Kwa miaka mingi nimezisoma taarifa hizi jinsi mhakiki anavyosoma tamthilia: nani anazungumza, anamwambia nani, na nani hatajwi kabisa jukwaani. Nimefikia kauli moja. Taarifa hizi zina tabia ya kumficha mtenda. Maafisa wa uhusiano mwema hudhani kuwa kumficha huko kunailinda serikali. La. Kunamnyima mwananchi habari anayohitaji ili ajiokoe, na kunaipunguzia serikali imani ambayo itaihitaji mkasa ujao utakapobisha hodi.

Milango mitatu ya kutorokea

Kiswahili kina utajiri wa kauli za vitenzi, na mtu anayetaka kutoroka lawama ana milango mitatu ya kupitia.

Mlango wa kwanza ni ule wa mjukuu wangu. Usiku wa Aprili 28 kuamkia 29, 2024, maji yalisomba nyumba za wakazi wa kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, na kuwaua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Habari za kwanza zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasahihisha: halikuwa bwawa, bali maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli, kwa sababu njia hiyo ilikuwa imeziba kwa magogo, mawe na tope.

Masahihisho hayo yalikuwa ya lazima, na wizara ilifanya vyema kuyatoa upesi. Lakini vitazame vitenzi vyenyewe. Bwawa limepasuka. Njia imeziba. Maji yamekusanyika. Tumetoka kwenye kitenzi kimoja kisicho na mtenda, tukaingia kwenye kingine kisicho na mtenda. Mama aliyefukua tope akiwatafuta wanawe hakutaka tu kujua kama lile lilikuwa bwawa au mtaro. Alitaka kujua ni ofisi gani iliyopewa kazi ya kuizibua njia hiyo, na ilikwenda kuikagua lini mara ya mwisho. Kuziba kuna mtu aliyestahili kuzibua. Sarufi haikumtaja.

Tulikuwa tumepita njia hiyo miaka sita kabla. Mnamo Mei 9, 2018, kule Solai, Nakuru, kingo za bwawa la Patel zilibomoka na watu zaidi ya 40 wakafa. Hata hapo tulianza na bwawa lililojivunjikia lenyewe. Bwawa, tofauti na ziwa, haliumbwi na Mungu. Lina mwenyewe, lina aliyelijenga na lina aliyepaswa kulikagua.

Mlango wa pili ni kauli ya kutendwa iliyokatwa mkia. Walimu wa Kiswahili tunafundisha kuwa kauli hii ina sehemu mbili: "Ng'ombe alichinjwa na Mwangi." Katika taarifa za serikali, ile 'na' hutoweka, na Mwangi wake pia. Uchunguzi umeanzishwa. Hatua kali zitachukuliwa. Risasi zilifyatuliwa. Makosa yalifanywa. Umeanzishwa na nani? Zitachukuliwa na ofisi gani, dhidi ya nani, kabla ya tarehe gani? Halafu hufuata ahadi kwamba hakuna jiwe litakaloachwa bila kugeuzwa. Jiwe hilo si letu, lilisafirishwa kutoka Uingereza likiwa zima. Msemo huo hufunika nafasi ambayo jina la ofisi na tarehe vingepaswa kukaa.

Baada ya maandamano ya Juni 25, 2024 kuhusu Mswada wa Fedha, Rais William Ruto aliwaambia wanahabari kuwa watu 19 walikuwa wamefariki. Siku iliyofuata, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nchini, KNCHR, ikatoa idadi yake: 39. Tofauti ya idadi ilizungumzwa sana, na ilistahili. Tofauti ya vitenzi haikuzungumzwa. Kuna waliosema 'wamefariki', kuna waliosema 'wamepoteza maisha', na kuna waliosema 'wameuawa'. Anayefariki anaweza kufariki kitandani akiwa na miaka 90. Anayepoteza maisha ni kama aliyekuwa nayo mfukoni, yakadondoka barabarani bila yeye kutambua. Anayeuawa, hata ukimkata mkia wa 'na', ameacha swali mlangoni: na nani? Ndiyo maana vinywa vingi rasmi hulikwepa neno hilo.

Mlango wa tatu ni mwembamba zaidi, nao ni herufi mbili tu: -ji-. Ni kile kiambishi kinachomrudishia mtu kitendo chake mwenyewe. Aliosha, alijiosha. Alikata, alijikata.

Mnamo Juni 8, 2025, mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay siku moja kabla kwa sababu ya ujumbe wa mtandaoni alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central, Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kuwa alikuwa amejigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Siku mbili baadaye, upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha kichwani, dalili za kukabwa shingo na michubuko mwilini. Wataalamu wakasema majeraha hayo hayaelekei kuwa ya mtu kujigonga. Kuna watu walioshtakiwa, na kuhukumu ni kazi ya mahakama. Mimi nashughulika na sentensi. Kabla ya upasuaji wowote, herufi hizo mbili zilikuwa zimekwisha kutoa hukumu: marehemu ndiye mtenda na ndiye mtendwa, na wengine wote waliokuwemo kituoni humo si sehemu ya sentensi.

Lakini kesi hii ina upande wa pili, na mhakiki wa haki husoma pande zote. Mnamo Juni 11, Inspekta Jenerali wa Polisi, Douglas Kanja, alisimama mbele ya maseneta akakiri kuwa maelezo yale hayakuwa sahihi, akaomba radhi. Tukio hilo ni nadra katika historia ya mawasiliano ya serikali yetu. Kuomba radhi hakukumrudisha marehemu, wala hakukuzima ghadhabu za vijana barabarani. Ila jiulize, mpenzi msomaji: kama siku ya kwanza polisi wangesema tu, "Kijana huyu amefia mikononi mwetu, hatujui bado kilichomuua, daktari atamchunguza na nyinyi mtaambiwa," wangepoteza nini? Wasingelazimika kuila sentensi yao wenyewe mbele ya taifa.

Moshi wa magodoro

Wenye kumbukumbu watasema: Profesa, haya hayakuanza jana. Kweli. Septemba 21, 2013, magaidi walivamia jumba la Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa kabla ya mzingiro kwisha siku ya nne. Wakati moshi mzito ulipokuwa ukipanda angani, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Joseph ole Lenku, alieleza kuwa magaidi walikuwa wamechoma magodoro. Tukaambiwa jumba limedhibitiwa, na milio ya risasi ikaendelea kusikika. Kisha sehemu ya nyuma ya jengo ikaporomoka. Kiswahili kina 'poromoka' na kina 'poromosha', na tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili ingeweza kujaza ripoti nzima ya tume. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Haikuundwa.

Neno 'magodoro' likaingia katika utani wa mitaani na halijatoka. Gharama ya taarifa mbovu ni hiyo. Siku ya kwanza huonekana imeokoa jahazi, lakini kila taarifa inayofuata husikilizwa kwa sikio la magodoro. Serikali inaposema, "Hali imedhibitiwa," mtu wa kawaida hufunga mlango wake na kununua mkate wa siku mbili.

Na palipo na kimya, mambo huwa mabaya zaidi. Baada ya kambi ya wanajeshi wetu kushambuliwa El-Adde, Somalia, mnamo Januari 15, 2016, serikali haikutoa idadi rasmi ya waliouawa. Idadi iliyozagaa ulimwenguni ilitoka kwa Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, na upande wetu ukaikanusha bila kutoa yake. Nafahamu kuwa vita vina siri zake, na kwamba adui naye anasoma magazeti. Hata hivyo, jeneza halina siri kijijini. Wazee walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Kiswahili cha sifa, Kiingereza cha maafa

Kuna jambo jingine ambalo sisi wapenzi wa lugha hii tumelinyamazia. Ofisi ya Msemaji wa Serikali ilipoanzishwa mwaka 2004, chini ya Dkt Alfred Mutua, kampeni yake iliyovuma zaidi ilikuwa ya Kiswahili: Najivunia Kuwa Mkenya. Tangu hapo serikali imezipa shughuli zake majina matamu ya Kiswahili. Kazi kwa Vijana. Linda Nchi. Linda Mama. Huduma Namba. Inua Jamii. Wakati wa kujinadi, Kiswahili ni lugha ya moyo. Mkasa unapotokea, karatasi inayosomwa mbele ya kamera ni ya Kiingereza, na Kiswahili huja mwishoni kama kipande cha nyama kilichosalia sufuriani.

Hata mwaka 2020, wakati wa korona, ambapo Wizara ya Afya chini ya Waziri Mutahi Kagwe ilitupa kitu tulichokikosa miaka mingi, yaani taarifa ya kila siku yenye idadi na majina ya kaunti, sehemu kubwa ilisomwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilijitafutia njia chenyewe. Watu walichukua 'karantini' na 'kafyu' wakazifanya zao. Neno 'barakoa', ambalo Pwani lilitaja vazi la kufunika uso wa mwanamke, lilivuka bara na kuwa jina la kile kitambaa tulichovaa sote. Lugha ilikuwa tayari kuokoa watu. Waliokuwa wakiisoma karatasi ndio hawakuwa tayari.

Wakati wa mafuriko yale ya 2024 nilimkuta bawabu wa mtaa wetu akisikiliza taarifa kwenye simu yake. Ilikuwa ndefu, yenye istilahi za mabonde, mikondo na mifumo shirikishi ya kukabiliana na majanga. Ilipokwisha, alinigeukia akaniuliza: "Sasa Prof, hapo wamesema tufanye nini?" Nyumba yake iko kando ya mto. Nilijaribu kumfasiria nikagundua kuwa hata mimi, na shahada zangu zote, sikuwa nimeambiwa la kufanya. Tangu siku hiyo swali la bawabu ndilo kipimo changu cha kwanza.

Siku chache baadaye, serikali iliwaagiza wakazi walio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 wahame ndani ya saa 24. Sisemi kuwa agizo hilo lilitekelezwa kwa utu kila mahali. Maelfu walibomolewa nyumba kabla ya kuonyeshwa pa kwenda. Ila kama sentensi, lilikuwa na idadi, lilikuwa na mahali na lilikuwa na saa. Laiti lingekuja kabla ya Mai Mahiu.

Katiba haina utata hapa. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinailazimu serikali kuchapisha na kutangaza habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Ukivisoma vifungu hivyo viwili kwa pamoja, taarifa ya mafuriko inayotolewa kwa lugha asiyoielewa mwenye nyumba iliyo kando ya mto ni wajibu uliotekelezwa nusu.

Kiswahili pekee si dawa

Hapa natarajia kupingwa, na upinzani wenyewe una uzito. Atakuja mtu aseme: Mbona jirani zetu Tanzania hutangaza kila kitu kwa Kiswahili, na bado? Ni kweli. Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 wa korona, kisha ikaacha kutangaza idadi. Machi 12, 2021, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaambia waumini kuwa Rais John Magufuli yu mzima na anachapa kazi. Machi 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akalitangazia taifa kifo chake. Kiswahili kilikuwa safi mara zote mbili.

Nakubali. Kuhamia Kiswahili bila kumrudisha mtenda ni kubadilisha shati bila kuoga. Lakini Kiswahili kina faida moja: huongo unaosemwa kwa lugha ya nyumbani hugundulika haraka. Bibi asiyejua Kiingereza hawezi kuuliza "Umeanzishwa na nani?" kuhusu sentensi ambayo hakuielewa. Kwa Kiswahili atauliza, tena kwa sauti.

Pingamizi la pili hutoka kwa mawakili. Wao huwaonya maafisa: usikiri lolote, utatushtakisha. Ushauri huo unachanganya mambo mawili. Kusema "hatujui bado" si kukiri kosa. Kusema "kazi hii ni ya ofisi yangu" si kukiri kosa pia, ni kusema kwenye kadi yako ya kazi kumeandikwa nini. Afisa anaweza kumtaja mwenye jukumu bila kumtangaza mwenye hatia. Sarufi yetu inaruhusu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mto uliofurika. Taarifa ya kawaida ingesema: "Kufuatia mvua kubwa zinazoendelea kushuhudiwa, maafa yameripotiwa na hatua mwafaka zinachukuliwa. Wananchi wanahimizwa kuwa watulivu na waangalifu." Hakuna aliyeripoti, hakuna anayechukua, hakuna anayehimiza. Sasa soma hii:

"Mto umepita juu ya daraja tangu saa tisa usiku. Tunajua watu wanne hawajaonekana. Hatujui kama wapo wengine. Idara yangu ndiyo iliyopaswa kuusafisha mtaro wa daraja hili, na tutawaambia kesho tuliusafisha lini mara ya mwisho. Ukiishi chini ya barabara, toka sasa, nenda shule ya msingi iliyo kilimani, tumefungua madarasa. Nitarudi hapa saa kumi na mbili jioni, niwe na jipya au nisiwe nalo."

Hamna istilahi hapo. Hamna hata ufasaha wa kujivunia. Kuna mtu anayesema 'mimi' na 'sisi', kuna linalojulikana, kuna lisilojulikana, kuna la kufanya na kuna saa. Bawabu wangu angetoka na watoto wake kabla sentensi ya mwisho haijakwisha.

Nirudi jikoni. Nilimuuliza mjukuu wangu swali letu la jadi: "Kimevunjika chenyewe?" Alinyamaza kidogo, akatazama vidole vya miguu yake, kisha akasema: "Nilikuwa nataka maji, kikaniponyoka." Sikuhitaji kumwadhibu, na kusema kweli kikombe chenyewe hakikuwa na thamani. Nilichohitaji ni kujua vigae vilirukia wapi, maana dada yake mdogo hutembea miguu mitupu. Vilikuwa vimefika hadi chini ya meza, na aliyejua hivyo alikuwa mmoja tu. Alipokiri ndipo aliponionyesha.